Mwenendo Mwema kati ya Majirani
(Somo la 1 Petro 2:11-17 na 3:13-17)



Mwezi huu twataka kusoma pamoja maneno ya Mtume Petro juu ya mwenendo wa Mkristo mbele ya watu wasioamini. Mwenye Biblia na aifungue Waraka wa kwanza wa Petro, asome sura ya 2 tangu mstari wa 11 hata wa 17, kisha sura ya 3 tangu mstari wa 13 hata wa 17. Asome polepole, tena kwa sauti, maana nyaraka za Mitume zilisomwa mbele ya mkutano. Akiisha kusoma, na arudi kwetu.

Petro awaandikia watu waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Majimbo hayo yote yamo leo katika nchi ya Uturuki. Wengi wao walikuwa watu wa mataifa waliokwisha kuacha sanamu na karamu za sanamu. Katika sura ya 4 twasoma ya kwamba jirani zao walistaajabu walipoona hawaendi nao tena katika ulevi na ufisadi, wakawatukana. Kati yao walikuwamo watumwa, tena wake wa waume wasioamini, maana Mtume awapa hao maneno yao wenyewe. Kanisa la mawe hawakuwa nalo, wala kengele, wala shule. Walikaa nyumba hii na nyumba ile, katikati ya watu waliowadhania vibaya.

Basi Mtume awapa shauri gani? Mtu angedhani atawaambia watafute msemaji hodari wa kuwatetea barazani, au wahame wakae peke yao penye amani. Hasemi hivyo. Asema mwenendo wao na uwe mzuri kati ya mataifa, ili wale wanaowasingizia kuwa watenda mabaya wayatazame matendo yao, na mwisho wamtukuze Mungu. Walimu na waliangalie sana neno hili la kutazama. Si kutupa jicho mara moja njiani. Ni kutazama siku nyingi, kama jirani atazamavyo ua wa jirani yake: nani aingia, nani atoka, nani apiga kelele usiku, mbuzi wa nani amefungwa pale mtini tangu juzi.

Hapa mwanafunzi wa kipaimara aweza kuuliza: Je, hatukufundishwa ya kuwa mtu hahesabiwi haki kwa matendo, bali kwa imani? Swali ni jema, wala hatutaki kulipita. Mbele ya Mungu matendo yetu hayatununulii kitu. Mwaka 1520 Luther aliandika kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo, akaeleza ya kuwa imani humweka mtu huru mbele ya Mungu, na mtu huyo aliye huru hujifanya mtumishi wa jirani yake kwa upendo. Mungu hapungukiwi na kitu tukikosa kutenda mema. Anayepungukiwa ni jirani. Yeye ndiye mwenye haja ya kurudishiwa jembe lake, na kupimiwa mahindi yake kwa kipimo cha kweli, na kusemwa vizuri asipokuwapo.

Liko na swali la pili, nalo ni gumu kidogo. Katika Mathayo sura ya 5 Bwana wetu ataka nuru yetu ionekane mbele ya watu. Katika sura ya 6 akataza tusitende wema wetu mbele ya watu ili tutazamwe nao. Je, tuonekane au tusionekane? Sisi twaona ya kwamba tofauti imo katika kusudi. Katika sura ya 6 mtu atoa sadaka na kuomba na kufunga, akitega sikio asikie asifiwavyo. Katika sura ya 5 watu waona matendo, na sifa yaenda kwa Baba aliye mbinguni. Kwa hiyo matendo yafaayo zaidi kwa ushuhuda mara nyingi ni yale yasiyosifiwa na mtu. Nani apigiwa vigelegele kwa sababu amelipa deni? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa twataka kuwaletea wasomaji habari moja ya kale, ambayo kwa maoni yetu yalieleza fungu hili kuliko maneno mengi ya wafasiri. Yahusu Ponto na Bithinia zilezile alizozitaja Petro katika mstari wake wa kwanza. Kama mwaka 110 hivi, Kaisari Trajan wa Roma alimtuma bwana mmjoa mwenye elimu, jina lake Plinius, kuwa liwali wa nchi hizo. Huyu Plinius alikuwa na desturi ya kumwandikia Kaisari barua kila alipopatwa na shauri gumu, na barua zake zimehifadhiwa hata leo. Barua moja yasema habari za Wakristo. Watu walikuwa wameletwa mbele yake kwa kushtakiwa kuwa Wakristo, hata karatasi isiyo na jina la mwandishi ilitolewa, imejaa majina. Waliokiri, aliwauliza mara ya pili na ya tatu, huku akiwaogofya. Wakishika neno lao, aliamuru wauawe, ila waliokuwa raia wa Roma aliwaandika wapelekwe Roma. Wengine walikana wakamlaani Kristo, naye akawaachilia.

Lakini lilikuwako kundi la tatu, nalo ndilo tutakalo kulitazama. Hao walisema: Zamani tulikuwa Wakristo, lakini tumeacha, wengine tangu miaka mitatu, wengine tangu miaka mingi, na mmoja au wawili hata tangu miaka ishirini. Liwali akawauliza, Basi mlipokuwa Wakristo mlifanya nini? Alitazamia kusikia habari za uovu, maana uvumi ulikuwa mwingi. Wakamjibu ya kwamba kosa lao lote lilikuwa hili: walikutana siku iliyowekwa kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakajifunga kwa kiapo. Kiapo cha nini? Si cha kutenda uovu wo wote, bali cha kutokuiba, kutokunyang'anya, kutokuzini, kutokuvunja neno walilolitoa, na kutokukana amana mwenyewe aitakapo. Kisha walitawanyika, wakakutana tena kula chakula, chakula cha kawaida kisicho na dhara. Na hata kukutana huko walikuacha, liwali alipokataza vyama.

Plinius hakuridhika. Akawatesa wajakazi wawili walioitwa watumishi wa mkutano, apate kujua kama liko jambo lililofichwa. Majina yao hakuyaandika. Lakini aliandika ya kwamba hakuona kitu ila dini aliyoiita potovu, iliyopita kiasi. Hakupata mtoto aliyeuawa, wala fitina juu ya Kaisari, wala mali ya wizi. Akaongeza kusema ya kuwa dini hiyo imeenea si mijini tu, bali na vijijini na mashambani. Naye Trajan akamjibu, Wasitafutwe. Wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe. Tena barua zisizo na jina zisipokewe, maana ni mfano mbaya.

Tusiharakishe kuondoka hapa. Wasomaji wengi husikia habari za mashahidi waliouawa, nao wastahili heshima. Lakini tazameni ni nani waliotoa ushuhuda ule mzuri juu ya mwenendo wa Kanisa. Ni watu waliokwisha kutoka! Hawakuwa na sababu ya kulisifu Kanisa. Kama wangalikuwa na neno baya la kweli la kusema, siku ile wangalipata kibali cha liwali kwa kulisema. Wala hawakuwa nalo. Walipekua kumbukumbu za miaka ishirini, wakapata watu waimbao alfajiri na kurudisha amana.

Nasi twajiuliza, wala si bila hofu: waliotoka katika sharika zetu wangesema nini? Wako katika kila mtaa. Yuko aliyetengwa asirudi, yuko aliyehamia dhehebu jingine, yuko aliyechoka tu. Wakiulizwa barazani ni mambo gani yafanyikayo kwetu, wangetaja nini kwanza? Twawasihi wazee wa usharika wasikimbilie kujibu ya kwamba hao ni watu wenye kinyongo. Wale wa Bithinia nao waliweza kuwa na kinyongo.

Mwalimu afundishaye Katekisimo aliona bila shaka ya kwamba kiapo kile kinafuata karibu mstari kwa mstari amri zetu: ya sita juu ya uzinzi, ya saba juu ya wizi, ya nane juu ya uongo. Hakuna jipya. Ila hilo la amana lilitajwa peke yake, ingawa limo ndani ya amri ya saba. Kwa nini? Siku zile mtu aliyesafiri aliweka fedha yake au vyombo vyake kwa mtu aliyemwamini, mara nyingi pasipo shahidi. Aliyewekewa aliweza kukana, na mwenyewe asiwe na la kufanya. Kwa hiyo amana ilimpima mtu mahali pasipo askari wala hakimu.

Kwetu sisi amana si neno la vitabuni. Katika nchi ya Kilimanjaro, na kwingine kwingi, mtu mwenye ng'ombe kuliko majani yake humkabidhi jirani ng'ombe mmoja amtunzie. Mtunzaji hupata maziwa na samadi; ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Mnyama akifa, mtunzaji humwita mwenyewe aone, au humpelekea ngozi. Ngozi ndiyo shahidi.

Katika mtaa mmoja tuujuao alikuwako mzee wa usharika aliyekabidhiwa ng'ombe na jirani yake, mtu asiyebatizwa, mzee kama yeye. Ng'ombe akazaa ndama jike. Mwaka ule mzee wetu alikuwa na shida ya karo ya mtoto. Akamwuza ndama mnadani, mbali, akamwambia jirani ya kwamba amekufa kwa homa. Jirani akauliza, Ngozi i wapi? Mzee akasema mbwa wameiharibu. Jirani hakugombana. Lakini mlima mzima ulijua, maana minadani macho ni mengi. Na Jumapili baada ya Jumapili mzee wetu aliendelea kusimama na kusoma masomo kanisani kwa sauti nzuri. Mwinjilisti alipokwenda kumwalika yule jirani katika darasa la ubatizo, alipewa kiti na maziwa ya mgando, akasikilizwa kwa adabu mpaka mwisho. Kisha jirani akauliza neno moja tu, Ngozi i wapi?

Mwinjilisti yule alirudi kwetu amekasirika, akitaka tumpe hoja za kumjibu. Tulimwambia hatuna hoja. Kwa swali lile Biblia yenyewe imo upande wa yule aulizaye.

Wala tusijifanye safi, sisi tuandikao haya. Miaka ile tulipokuwa tukifundisha katika usharika mdogo, tulikopa sukari na kitambaa katika duka la Mwislamu mmoja, mtu wa watu, mwenye subira. Mwisho wa mwezi ulipita, na wa pili, na wa tatu. Tukaanza kupita njia ya chini, ile ya mtoni, ili tusipite mbele ya duka. Twaliita jambo hilo kufupisha njia. Siku moja palikuwa na msiba, nasi tukahubiri kaburini juu ya uaminifu, na yule mwenye duka alikuwa amesimama pamoja na majirani waliokuja kuzika. Baada ya mazishi akatusalimu, akatupa pole, asitaje deni. Hatukulala vizuri. Juma lile tukauza mbuzi, tukalipa yote. Akapiga mstari katika daftari, kisha akasema, “Mwalimu, siku ile kaburini nilikusikiliza kwa sikio moja tu. La pili lilikuwa humu,” akaligonga lile daftari. Hakusema kwa ubaya, akatupimia na chumvi ya bure.

Basi turudi kwa Petro, sura ya 3. Asema tuwe tayari sikuzote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na hofu, tukiwa na dhamiri njema. Wengi husoma mstari huu wakadhani wameagizwa kubishana. Lakini tazameni anayeanza: ni yule aulizaye. Naye mtu hauulizi moto mahali asipoona moshi. Ameona kitu, kimemshangaza, ndipo aulizapo. Mjane aliyedhulumiwa shamba na ndugu za mumewe, naye awapelekea ndizi wakiugua, huyo ataulizwa. Karani akataaye hongo mbele ya wenzake watatu waliokwisha kuipokea, huyo ataulizwa, labda kwa dhihaka. Na aulizwapo asinyamaze kwa kujidai mnyenyekevu. Na ajibu, kwa maneno machache, ya kwamba yuko Bwana aliyemfia. Kunyamaza hapo ni kujitwalia sifa isiyo yake.

Upole nao ni agizo, si pambo. Twawajua wahubiri wasemao kweli tupu kwa ulimi wa pilipili, hasa juu ya dini za majirani. Mtume ametaka tuwaheshimu watu wote. Hakusema waumini tu, tena aliandika hayo siku ambazo watu wote walikuwamo wenye kuwasingizia.

Tena tuwakumbuke wazee wetu waliotutangulia. Kazi ya Misioni ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani walilazimishwa kuondoka katika nchi, na Wakristo wakabaki mikononi mwa walimu na wazee wao wenyewe, mpaka wamisionari waliporudi miaka ya katikati ya 1920. Sharika hazikufa. Habari hizo husimuliwa sana kwa kusifu ushujaa, na ni haki. Sisi twadhani liko na jambo jingine. Siku zile mtu wa kijijini hakuweza kusema, Huu ni mwenendo wa mgeni anayelishwa kutoka ng'ambo. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwalimu aliyezaliwa mgombani palepale, anayenywesha ng'ombe katika mfereji mmoja naye, anayejulikana tangu utoto kwa hasira zake na madeni yake. Kama Injili ilimgeuza huyo, jirani aliweza kujua; kama haikumgeuza, aliweza kujua vilevile.

Labda msomaji atasema, Mmetuvunja moyo, maana ushuhuda wangu umekwisha kuharibika, nifanyeje? Kwanza, asijitetee. Pili, asome Luka sura ya 19 habari za Zakayo. Mtoza ushuru yule hakungoja watu wa Yeriko wamsahau. Bwana alipoingia nyumbani mwake, alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Tena angalieni mpango wake. Bwana hakusema, Lipa kwanza, ndipo nitaingia kwako. Aliingia kwanza. Kulipa kulifuata, kukafuata siku ileile. Huo ndio utaratibu wa neema, na mwalimu asiugeuze kichwa chini: asimwambie mkosaji ajisafishe ndipo aje, wala asimwambie ya kuwa akiisha kusamehewa deni la jirani limekufa. Damu ya Kristo yaondoa hatia mbele ya Mungu. Haifuti daftari la mwenye duka. Dawa ya deni kulipa.

Kwa walimu wa darasa: msiwaulize wanafunzi mstari wa 12 kwa moyo tu. Mwambieni kila mmoja afikiri kitu kimoja kilicho mkononi mwake kisicho chake: kitabu, shoka, fedha ya chama, siri aliyoambiwa. Asikitaje darasani. Na apewe juma moja akirudishe au, ikiwa ni siri, aifunge kinywani. Juma la pili mwulizeni tu kama amefanya. Wazee wa hazina nao na wasome hesabu ya sadaka mbele ya usharika, na daftari iwe wazi kwa kila msharika atakaye kuitazama, hata yule msumbufu. Hasa yule msumbufu.

Tulianza habari ya mzee na ndama, nanyi mwataka kujua mwisho wake. Ilipita miaka miwili. Wakati wa Kwaresima mzee wetu alikuja mwenyewe mbele ya baraza la wazee, akaungama pasipo kushtakiwa, akaomba kuacha usomaji wa masomo kwa muda. Akauza sehemu ya miti yake, akanunua ndama jike mwenye umri kama wa yule ambaye angalikuwapo, akaongeza mwana mbuzi, akampeleka kwa jirani mchana kweupe, kwa njia kuu, akipita mbele za watu wote. Jirani akamzunguka ndama, akamtazama meno na kwato, akasema, “Nimepokea.” Wakakaa wakanywa maji.

Jirani yule hajabatizwa hata leo. Lakini mwaka uliofuata, alipokwenda pwani kukaa kwa mwanawe miezi sita, alikuwa na ng'ombe watatu wa kuacha, na nyumba za kuwaacha zilikuwa nyingi. Aliwafungua asubuhi, akawaswaga wote watatu mpaka kwa mzee yule.